Huku hodi hupigwa wiki mbili kabla

Msomaji wetu wa Berlin anauliza:

"Shikamoo dada. Mimi nina miaka 26, mume wangu 30. Tulifunga ndoa Tanga mwaka jana, nikamfuata huku Berlin mwezi wa 11. Baridi yote niliambiwa, subiri kiangazi, utaipenda Ujerumani. Sasa kiangazi ndicho hiki, jua halitaki kuzama, na sisi tunagombana kuliko wakati wa theluji. Mume wangu anafanya kazi ghalani kwa zamu. Akirudi ni kulala na simu. Mimi nasoma Kijerumani asubuhi, mchana kutwa niko ndani. Tukitoka tunaishia madukani na mgahawani, kisha tunagombania pesa. Wikendi mbili zilizopita zimekula euro 190. Wikendi nyingine tunakwenda kwa rafiki zake Watanzania, mwendo wa saa nzima, tunarudi usiku wa manane. Kwetu hakuna hata mmoja aliyewahi kubisha hodi. Kuna mwenzangu wa darasani, dada kutoka Ukraine, hali nyama lakini ni mcheshi sana, kila mara ananiambia 'siku moja tuonane', hasemi lini. Je, watu wa huku hawapendi wageni, au sisi ndio tuna kasoro? Na wanandoa wapya huishije kiangazi bila kumaliza akiba?"

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na lile linalokuuma. Hamna kasoro yoyote, na watu wa huku wageni wanawapenda. Mnachofanya ni kuishi kiangazi cha Berlin kwa desturi ya Tanga, mkingoja mlango ubishwe. Hautabishwa.

Huu ni mwaka wangu wa 19 hapa mjini, na kazi yangu ni kuketi na wanandoa waliohama, wengi wao wapya kama ninyi. Barua kama yako hazinijii sana Januari. Januari kila mtu ana sababu ya kukaa ndani, na baridi inabeba lawama zote. Ikifika Juni ndipo mtu anasimama dirishani, anaona vijana wanapita na baiskeli, kikapu nyuma, mkeka umekunjwa, wanacheka. Anageuka, anamwona mwenzake kajilaza kwenye kochi, na maneno yanaanzia hapo.

Nikupe kisa changu mwenyewe. Kiangazi chetu cha kwanza tulikaa ghorofa ya tatu, na mlango unaotazamana na wetu aliishi bibi mmoja wa Kijerumani, peke yake. Jumapili moja nilipika vitumbua, nikavipanga kwenye sahani, nikafunika kwa kitambaa, nikaenda kugonga. Alifungua mlango nusu. Akapokea sahani, akashukuru, akafunga. Nilibaki pale kwenye ngazi na kitambaa changu mkononi. Nikarudi ndani nikamwambia mume wangu, huyu mama simsogelei tena.

Siku ya tatu nikakuta sahani yangu mlangoni, imeoshwa na kukaushwa, juu yake kopo la jamu ya cheri aliyoipika mwenyewe na kikaratasi: Jumamosi, 15:30, kahawa? Tulikwenda. Ametandika kitambaa cheupe mezani, vikombe vyenye maua, keki nzima haijakatwa, naye amevaa mkufu. Ndipo nikaielewa ile Jumapili ya vitumbua. Nilimkuta na nguo za kushindia, nyumba haijapangwa, hana cha kuniwekea mezani. Kunikaribisha katika hali ile, kwake, kungekuwa ni kunidharau.

Kwa hiyo hodi ipo huku. Hupigwa mapema tu, wiki mbili kabla, na wakati mwingine wiki tatu, na huandikwa kwenye kalenda. Mwenzako wa darasani anaposema "siku moja tuonane" amekupa nusu ya mwaliko, na nusu ya pili ni tarehe. Anayetoa simu na kusema "je, Jumamosi ya wiki ijayo?" haonekani mroho wala mng'ang'anizi, anaonekana mtu makini. Anayengoja mwenzake aseme, wote wawili watangojana mpaka majani yaanze kupukutika. Naona hili kila mwaka, na linaniuma, kwa sababu ni upweke unaoweza kuondolewa na ujumbe mmoja wa simu.

Ukishapewa saa, iandike kwa tarakimu. Sisi saa tisa alasiri yao ni 15:00, hilo umeshalizoea. Lakini Mjerumani akisema "nusu nne" ana maana nusu saa kabla ya nne, yaani 15:30, ambayo kwetu ni saa tisa na nusu. Nimeona watu wakifika saa nzima baada ya keki kukatwa kwa sababu ya neno hilo moja. Na 15:30 ni 15:30. Dakika tano baadaye ni sawa, ishirini ni za kuomba radhi kwa simu.

Sasa tuje kwenye jua, maana nusu ya ugomvi wenu umo humo.

Kwenu Tanga, Juni au Disemba, ikifika saa kumi na mbili na nusu jioni giza linaingia na mtu anajua sasa ni kwenda nyumbani. Mwili umekua na saa hiyo. Hapa Berlin katika siku ndefu za Juni jua linachomoza saa kumi na moja kasorobo alfajiri na kuzama saa tatu na nusu usiku. Karibu saa 17 za mchana. Mwili haujui lini uchoke. Shemeji yangu akitoka zamu ya usiku anaingia kitandani mchana mweupe. Akiwa na zamu ya asubuhi anatakiwa alale wakati watoto wa jirani bado wanacheza mpira uani. Mume wako si mvivu, mdogo wangu. Hajalala. Kabla ya kupanga matembezi yoyote, nunueni pazia zito jeusi la chumbani, lile linalozuia mwanga kabisa. Kununua pazia hilo kumetuliza nyumba nyingi kuliko maneno yangu. Na siku za joto kali fungueni madirisha alfajiri, mkifika saa tatu asubuhi mfunge na kuteremsha mapazia, maana nyumba za huku zimejengwa kutunza joto na wengi hatuna kiyoyozi.

Akishalala, mwanga huo huo unageuka kuwa mali yenu. Zamu ya asubuhi huisha mchana. Mpe saa moja na nusu ya usingizi, usimsemeshe, usipige simu nyumbani kwa sauti. Akiamka saa kumi jioni, mbele yenu kuna saa tano za jua. Hizo ni sawa na siku nyingine nzima. Wenyeji wanalijua hilo, ndiyo maana matembezi yao mengi ni ya jioni za kazi, Jumanne, Alhamisi, hawangoji wikendi. Ninyi mnajaza kila kitu Jumamosi, na Jumamosi ikiharibika wiki yote imeharibika.

Mfano: pandeni treni ya mjini ya S1 mpaka kituo cha Schlachtensee. Ukitoka kituoni ziwa lile pale, hatua chache tu, halina kiingilio. Njia ya kulizunguka ina kama kilomita tano na nusu, chini ya miti, mwendo wa saa moja na nusu kwa watu wanaozungumza. Na mtazungumza. Watu wawili wakitembea bega kwa bega, macho mbele, husema mambo ambayo mezani hayatoki. Wanandoa wengi ninaowashauri huwa nawatuma kutembea kabla hawajarudi kuketi tena mbele yangu. Mkimaliza, tandikeni mkeka, fungueni hotipoti, chai ipo kwenye chupa. Mtakaa mpaka maji yageuke rangi ya chungwa, na bado mtakuwa kitandani kabla ya saa tano.

Mambo mawili ya ziwani nikuambie wazi. La kwanza, utakuta watu wameoga uchi, wazee kwa vijana, bila kujali. Ni desturi ya zamani huku, hasa upande huu wa mashariki ya Ujerumani, wala haina maana unayoidhania. Geuza mkeka utazame kwingine. Hakuna atakayekulazimisha kuvua, wala atakayekusema ukiingia majini na vazi la kujisitiri.

La pili ni la uhai. Hata kama uliogelea baharini Raskazone kule Tanga tangu utotoni, haya si maji yale. Maji ya bahari yana chumvi, yanakubeba. Ya ziwa hayakubebi hivyo. Juu yanaweza kuwa ya vuguvugu, chini kidogo ni baridi ya kukata pumzi, na kando ya ziwa hutelemka ghafla bila dalili. Wengi wanaozama Ujerumani huzama kwenye maziwa na mito. Kama mmoja wenu hajui kuogelea, nendeni penye walinzi wa majini, kama ufukwe wa Wannsee, uliofunguliwa mwaka 1907, wenye mchanga zaidi ya kilomita moja. Unalipa kiingilio lakini kuna macho yanayokutazama. Radi ikinguruma, tokeni majini hapo hapo. Namba ya dharura ni 112. Na mkirudi kutoka nyasini au msituni kaguaneni mwili mzima, nyuma ya magoti, kwapani, kwenye mstari wa nywele, kwa ajili ya kupe. Mng'oeni kwa kibano, taratibu, kutoka karibu na ngozi. Ngozi ikifanya duara jekundu linalotanuka siku au wiki zinazofuata, nendeni kwa daktari.

Pesa. Umesema euro 190 kwa wikendi mbili. Sishangai, maana mmekuwa mkitoka bila chakula na bila mpango, na Berlin humtoza anayetoka hivyo. Jumapili maduka yamefungwa, kwa hiyo mtu aliyesahau kununua Jumamosi analazimika kula mgahawani au kununua kwenye vibanda kwa bei ya juu. Sikiliza: Jumamosi asubuhi kuku mmoja, mchele, matikiti, nyanya za kachumbari na maji, pilau inaingia kwenye hotipoti, inatosha watu wanne, na haifiki euro 25. Chupa na makopo msitupe, kila kopo lina senti 25 zako, zirudishe kwenye mashine ya dukani. Wajerumani wenyewe, wanaotuzidi kipato, wanatembea na mikate waliyoipaka siagi nyumbani na mayai ya kuchemsha kwenye kikopo. Hakuna anayewacheka.

Ulizeni pia tiketi ya mwezi ya nchi nzima, ile iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49. Imepanda bei tangu wakati huo, lakini kwa kuwa inakubaliwa kwenye treni za mkoa, mabasi na treni za mjini Ujerumani nzima, shemeji anayekwenda kazini kila siku huenda anayo tayari. Waajiri wengine huchangia sehemu ya bei yake, aulize. Kwenye treni za mwendo kasi haikubaliwi. Ikiwa wote mnayo, nauli ya matembezi imekwisha kulipwa, hata ya kwenda Warnemünde kwenye bahari ya Baltiki, ingawa hiyo ni safari ya takriban saa tatu na maji yake, nakuahidi, yatakufanya upige kelele.

Kama mnataka safari moja ya kukumbuka kiangazi hiki, nendeni Spreewald. Treni ya mkoa hufika Lübbenau kwa kama saa moja. Pale mto Spree unajigawa vijito visivyo na idadi ndani ya msitu, na watu hutembezwa kwa mashua bapa zisizo na injini. Mwendeshaji anasimama nyuma na kuisukuma kwa upondo, vile vile kama mitumbwi ya kwetu Pangani kwenye maji haba. Mara ya kwanza nilipousikia upondo ule ukigusa chini ya mto na maji yakichuruzika ubavuni nilinyamaza njia nzima. Mume wangu aliniacha ninyamaze, hakuniuliza kitu. Katika kijiji cha Lehde kwenye kiangazi hata barua huletwa kwa mashua. Vibao vya njia vimeandikwa lugha mbili, Kijerumani na Kisorbi, kwa sababu wapo watu wa kabila la Wasorbi walioishi hapo karne nyingi na bado wana lugha yao. Mtauziwa matango ya siki kutoka kwenye pipa. Bei ya mashua ni kwa kila kichwa, ulizeni kabla hamjapanda.

Na Berlin yenyewe ina njia ambayo ningependa ninyi wawili, mkiwa watu wa mkoa wa Tanga, mwitembee. Shukeni Hermannplatz, mtafute barabara ndogo iitwayo Lucy-Lameck-Straße. Lucy Lameck ni wa Moshi, mwanamke wa TANU, miongoni mwa wanawake wa kwanza kuingia bungeni na serikalini kwetu. Mpaka mwaka 2021 barabara hiyo ilikuwa na jina la Hermann von Wissmann, yule aliyeongoza majeshi ya Wajerumani kuvunja upinzani wa pwani. Ni chini ya amri yake Abushiri, kiongozi wa upinzani huo, alinyongwa Pangani, Disemba 1889. Niliposimama chini ya kibao kipya nilishika mkono wa mume wangu, na sikuwa na la kusema. Mama mkwe wangu ni wa Pangani. Tulipiga picha tukamtumia.

Kutoka hapo tembeeni mpaka Tempelhofer Feld. Ulikuwa uwanja wa ndege mpaka mwaka 2008. 2010 ukafunguliwa kuwa wa watu wote, na 2014 wakazi wakapiga kura usijengwe nyumba. Njia za kurukia ndege bado zipo, karibu kilomita mbili za lami, watu wanaendesha baiskeli na kurusha tiara juu yake. Kuna sehemu zilizotengwa kwa kuchoma nyama. Nendeni na jiko dogo lenye miguu, mkaa, mishkaki iliyolala na tangawizi na ndimu tangu jana yake. Msiweke jiko kwenye nyasi, na majivu yana mapipa yake. Milango hufungwa giza likiingia.

Siku ya mvua, na zitakuwepo, yupo mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa, kwenye makumbusho ya viumbe ya Invalidenstraße. Mita 13 na zaidi kwenda juu, amechimbwa kwetu Lindi kati ya 1909 na 1913, mifupa ikabebwa na wapagazi hadi bandarini. Tulisoma habari zake shuleni. Kumwona ana kwa ana mkiwa wawili, mbali na nyumbani kama yeye, ni jambo zito kidogo. Nendeni mapema.

Nirudi kwa wageni, maana ndipo moyo wa barua yako ulipo.

Mkialikwa na mtu wa huku, ulizeni "tulete nini?" na mlete walichosema. Kwenye shughuli za kuchoma nyama uani, mara nyingi kila mtu huleta nyama yake na bakuli moja la saladi la wote. Usione vibaya, si uchoyo, ndivyo wanavyoweza kualika watu kumi bila mmoja kufilisika. Akisema "nakualika" mgahawani, analipa yeye. Asiposema, mhudumu atauliza kama mnalipa pamoja au kila mtu yake, na kila mtu yake ndiyo kawaida. Viatu, tazama mwenyeji amevaa nini.

Kuna jambo moja linalowaumiza Waswahili kuliko yote. Kwetu mwenyeji akisema karibu chakula, unasema asante nimeshiba, anakung'ang'aniza, unakataa tena kidogo, kisha unakula. Huku anauliza mara moja. Ukisema hapana asante, sahani inaondoka. Siku ile kwa bibi yule nilijibu hivyo kwa heshima zote, akaifunika keki, nami nilikuwa sijala tangu asubuhi. Ukitaka, sema ndiyo, naomba. Na ikiwa ninyi ndio mmealika, kumbuka upande wa pili: wengi wao wamelelewa kumaliza kilichomo kwenye sahani. Ukimwongezea kila anapomaliza kama tunavyofanya kwetu, atakula mpaka aumie, na hatakuambia.

Alikeni ninyi kwanza. Hata kama nyumba ni chumba kimoja na sebule, hata kama viti ni vinne na viwili havifanani. Mgeni wa kwanza asiwe kundi, awe mtu mmoja au wawili. Mkikaribisha wengi jioni, bandikeni karatasi kwenye mlango mkubwa wa jengo siku mbili tatu kabla: Jumamosi tutakuwa na wageni, kelele zikizidi mtupigie, na namba yenu. Kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni wakati wa utulivu kisheria, na Jumapili siku nzima. Kuchoma kwa mkaa kwenye roshani msijaribu bila kusoma mkataba wa nyumba. Jirani aliyetaarifiwa huvumilia mengi. Wengine hupanda kuja kunywa kitu.

Majirani msiwadharau kama mlango wa urafiki. Julai na Agosti nusu ya jengo husafiri, na kila msafiri anatafuta mtu wa kumwagilia maua na kuchukua barua. Jitoleeni. Mtu akikupa ufunguo wa nyumba yake huku, amekupa kitu kikubwa, na atarudi na zawadi na hadithi. Bibi yule wa vitumbua alitupa ufunguo wake mwaka wa pili, na tuliutunza mpaka alipofariki.

Kuhusu Watanzania wenzetu sitakuambia mwache kwenda. Kuna siku mtu anahitaji kucheka kwa Kiswahili mpaka machozi yatoke, kula ugali kwa mkono na kuitwa shemeji. Lakini kila wikendi, mwendo wa saa nzima, kurudi usiku wa manane na zamu inakungoja, hapana. Mara moja kwa mwezi inatosha, na mara nyingine waje wao. Kabla hamjavaa viatu kubalianeni saa ya kuondoka, na anayeaga awe mume wako, kwa sababu ni marafiki zake. Wewe ukiaga utaitwa mke mkali. Na kwenye nyumba za watu msizungumze pesa zenu. Maneno ya sebuleni huwa yanapanda treni kabla yenu.

Mimi na mume wangu tuliwahi kufika mahali pabaya kwa jambo hili hili. Yeye alitaka watu kila siku, mimi nilitaka yeye. Tukakaa Jumatano usiku, jua bado linawaka, tukachukua kalenda ya karatasi, ile ya kutundika, tukapaka rangi. Jioni mbili za wiki ni zetu wawili, hakuna mgeni hata akitoka Dar. Siku moja ya wikendi ni ya watu. Na siku moja ni ya kutofanya chochote, ambayo mtu akitaka kulala mpaka saa sita mwenzake hamnunii. Hiyo ya mwisho tuliidharau, kumbe ndiyo iliyotushika. Shemeji mwenye zamu anaihitaji kuliko mnavyodhani; akiwa na hakika kwamba Jumapili hatasumbuliwa, Jumanne atakusindikiza ziwani bila kusukumwa. Muulize, wala usimwamulie. Mpe kalamu yeye achague rangi ya siku yake ya kulala.

Sasa huyo mwenzako wa Ukraine. Pengine naye yuko mbali na kwao, pengine naye anasimama dirishani vile vile. Leo kabla hujalala mwandikie, kwa Kijerumani chenu hicho cha darasani, makosa yake mtacheka pamoja: "Jumamosi ya wiki ijayo, saa 15:30, njoo kwetu unywe chai ya tangawizi na vitumbua. Mume wangu atakuwepo. Ukitaka, njoo na mtu wako. Baadaye tunaweza kutembea bustanini." Weka anwani na jina lililoandikwa kwenye kengele, maana majengo mengi ya huku hayana namba za vyumba.

Kwa kuwa hali nyama, pika na maharage ya nazi na chapati. Tui la kopo lipo kwenye maduka ya Waasia, chukua lile zito. Akisema asante nimeshiba, mwamini.